Viwavi Mia Nne na Kumi na Wawili

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanalima, wanapalilia na kugombania mipaka kama majirani zetu, palikuwa na bonde moja la baridi huko milimani, jina lake Kwembisi. Ukungu ulishuka alfajiri ukaondoka saa nne, na kabichi za huko zilijikunja zikawa kubwa kama vichwa vya watu wazima.

Shamba kubwa kuliko yote lilikuwa la Bwana Nyati. Nasema mapema, wanangu: mimi huyu Nyati simpendi, kwa hiyo nikimtilia chumvi kidogo mnisamehe. Alikuwa na pembe pana, sauti nzito, na tabia ya kumkatiza mtu kabla hajamaliza kusema. Alilima pamoja na shemeji yake Ngiri, aliyekuwa mwema lakini mwoga, na aliyekubali kila alichoambiwa na Nyati hata kabla hajakisikia.

Ukingoni mwa shamba palikuwa na kichaka, na ndani ya kichaka aliishi Sange na mkewe na watoto wao wawili. Sange mnamjua? Ni mnyama mdogo, anamzidi panya kidogo tu, miguu yake myembamba, na pua yake ndefu inachezacheza hata akiwa amelala. Chakula chake ni wadudu. Na ana kazi moja ambayo haiachi: kila asubuhi anafagia njia zake. Jani likianguka, analitupa pembeni. Kijiti kikianguka, anakitupa pembeni. Kwa sababu siku mwewe akishuka, Sange hana pembe wala meno ya maana. Ana mbio tu, na mbio zinataka njia safi.

Njia za kichaka kile alizitengeneza kwa miaka mitatu. Ukimtoa Sange hapo ukampeleka mahali pasipo na njia, ni sawa na kumwandalia mwewe sahani.

Sasa sikilizeni. Mwaka ule kiangazi kilikuwa kikali. Jua liliwaka wiki baada ya wiki, na viwavi wakaja. Walianza wachache, wakageuka nondo, nondo wakataga mayai, na wale walioanguliwa nao wakafanya hivyo hivyo. Viwavi wa kijani, wembamba, wakiguswa wanajirusha na kuning'inia kwenye uzi. Wakatoboa majani ya kabichi mpaka yakawa kama chujio la nazi. Chini ya majani, vidukari wa kijivu wakajipanga wakinyonya utomvu. Nyi-nyi-nyi-nyi, mchana kutwa, ukitega sikio unawasikia wanakula.

Sange naye akaona chakula kimejaa mlangoni kwake. Akatoka kichakani, akaingia kwenye matuta, kwa, kwa, kwa, akila kiwavi mmoja baada ya mwingine.

Bwana Nyati akamwona. Akasimama, akafikiri. Kufikiri kulimchukua muda mrefu, na Ngiri akangoja.

"Shemeji," akasema Nyati, "wakati wa mvua, ulimwona Sange humu shambani?"

"Sikumwona."

"Na viwavi, uliwaona?"

"Hata mmoja."

"Na sasa kiangazi, Sange yupo?"

"Yupo."

"Na viwavi?"

"Wapo tele, shemeji."

"Basi," akasema Nyati, "ni yeye anayewaleta."

Ngiri akashangaa jinsi shemeji yake alivyo na akili.

Wakaenda kichakani. Nyati akapiga kwato, puu, vumbi likamfunika Sange aliyekuwa na ufagio mkononi.

"Wewe mwenye pua," akasema Nyati. "Kesho kutwa uhame. Wewe na mkeo na watoto wako."

"Nimekosa nini, Bwana Nyati?"

"Umeniletea viwavi."

"Bwana Nyati, mimi viwavi nawa..."

"Umewaleta."

"Nawala. Nawala, Bwana Nyati. Leo peke yake nimekula..."

"Kila nikikuona wewe nawaona na wao. Usinifanye mjinga. Ni wako, au si wako?"

Sange akamtazama Ngiri. Ngiri akatazama kwato zake. Mama Sange akatokeza pua mlangoni, watoto wawili wakiwa wameshika mkia wake, na Sange akaogopa sana. Akajua kwamba ukweli hautasikilizwa hapo hata akiusema mara mia.

Lakini wakati anainama kuokota ufagio, akaona siafu. Walikuwa wanahama, wamebeba mayai yao, wanapanda mlimani kwa haraka. Akainua pua akanusa upepo. Ulikuwa na harufu ya udongo mbichi, kwa mbali sana. Vuli ilikuwa inakaribia.

"Bwana Nyati," akasema polepole, "umenikamata. Sina pa kujificha. Viwavi ni wangu."

"Umesikia, shemeji?" akasema Nyati.

"Nimesikia," akasema Ngiri.

"Ni mifugo yangu," akaendelea Sange. "Wewe una kabichi, mimi nina viwavi. Lakini tusigombane. Mimi nitawaondoa wote, na wewe uniachie kichaka hiki, nikae humu na wanangu na wasihamishwe tena. Tukubaliane mbele ya Bibi Mbega."

Bibi Mbega ndiye aliyekuwa anaamua mashauri ya bonde lile. Alikaa juu ya tawi na vazi lake jeusi lenye mashada meupe mabegani, na alikuwa na subira ya kusikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo ni adimu. Wakaenda kwake wakakubaliana. Nyati akasema kwa kinywa chake: viwavi ni wa Sange, Sange awaondoe, kichaka kiwe chake.

"Utawaondoa lini?" akauliza Bibi Mbega.

"Mara tu watakapohesabiwa, Bibi," akasema Sange. "Mfugaji hawezi kuhamisha mifugo asiyoijua idadi yake. Bwana Nyati na Bwana Ngiri wahesabu viwavi wa kabichi kumi, kila mmoja kwa upande wake. Idadi zao zikilingana tu, mimi naanza kazi."

"Ni jambo dogo sana hilo," akasema Nyati.

Jambo dogo, eti. Nyie mmewahi kuona nyati akihesabu viwavi?

Siku ya kwanza Nyati aliinamia kabichi akashusha pumzi, fuuu, na viwavi wote wakajirusha wakaning'inia kwenye nyuzi. Akaanza upya. Akapumua tena, fuuu. Wakajirusha tena. Mpaka jioni alikuwa amehesabu kabichi mbili na nusu, na macho yamemtoka. Ngiri yeye alipiga magoti, kama kawaida yake akila, akahesabu vizuri sana, ila kila akisikia kishindo alikimbia na mkia juu, na akirudi hakukumbuka alipoishia.

Siku ya tatu Nyati akapata mia tatu na tisini. Ngiri akapata mia nne na ishirini na tisa.

"Haziendani," akasema Sange kwa huzuni. "Rudieni."

Siku ya tano Nyati akapata mia nne na saba. Ngiri akapata mia tatu na themanini na moja.

"Shemeji, umeruka majani ya chini," akasema Nyati.

"Sikuruka, shemeji. Ni wewe unahesabu vidukari."

"Mimi nihesabu vidukari? Mimi?"

"Rudieni," akasema Sange.

Lakini msidhani Sange alikuwa anacheka. Usiku alikuwa halali. Siku ya saba ilipita bila wingu. Siku ya nane jua likawaka kama kwamba limetumwa na Nyati.

"Baba Watoto," mkewe akamwambia, "hao siku wakipatana, utafanya nini?"

"Nitaomba wasipatane."

"Na wakipatana?"

Sange akachukua ufagio akaenda kufagia njia ambazo alikuwa amekwisha kuzifagia.

Siku ya tisa walipatana. Hawakupatana kwa kuhesabu; Ngiri alichoka tu. Nyati akasema mia nne na kumi na wawili, na Ngiri, magoti yakimuuma, akasema, "Hata mimi, shemeji. Mia nne na kumi na wawili kamili." Akaenda kwenye ukuta wa udongo wa banda lao, akachora mistari mia nne na kumi na miwili kwa jino lake, kwaru, kwaru, kwaru, ili isije ikasahaulika.

"Haya," akasema Nyati. "Ondoa mifugo yako."

Sange akatazama juu. Wingu lilikuwa moja tu, dogo, limekaa juu ya kilele.

"Nitawaita," akasema, "lakini viwavi wangu ni wenye haya. Hawatoki wakitazamwa na wenye pembe. Nendeni bandani, mfunge mlango, mchome mahindi, na msitoke mpaka kuwe kimya."

Wakaingia bandani wakafunga mlango. Sange akabaki peke yake katikati ya shamba, mdogo, akiimba wimbo usio na maana yoyote ili wasikie bandani kwamba kazi inaendelea. Akaimba mpaka sauti ikakauka. Mchana ukapita. Wingu likawa mawili, yakawa matano, yakashikana. Bonde zima likafanya giza.

Tone la kwanza lilimpiga puani, ta.

Kisha mvua ikashuka. Waaaa! Si ile ya kunyunyiza, ni ile ya kupiga. Ikapiga kabichi, ikapiga viwavi, ikawadondosha chini, ikawazika kwenye tope. Vidukari wakaoshwa kama majivu kwenye sahani. Maji yakateremka kwenye mifereji ya matuta yakiwabeba, na Sange akaruka ruka kwenye matope, analia na kucheka pamoja. Siku tatu mvua haikukatika.

Ilipotulia, Nyati na Ngiri wakatoka na mahindi mdomoni. Wakahesabu kabichi zile zile kumi. Viwavi watatu. Safari hii walilingana mara moja, na Ngiri akachora mistari mitatu ukutani.

"Sange," akasema Nyati, na kwa mara ya kwanza hakumkatiza mtu, "una uwezo."

"Ni kazi tu, Bwana Nyati," akasema Sange kwa unyenyekevu.

Basi Sange akabaki na kichaka chake. Vuli ikapita, masika ikaja, kabichi zikajikunja safi. Watoto wa Sange wakajifunza kufagia.

Hadithi ingeishia hapo kama jua lisingerudi. Lakini jua hurudi. Mwaka uliofuata kiangazi kikashika, na nondo wachache waliosalimika huko maguguni wakataga mayai. Wiki ya pili viwavi kumi. Wiki ya nne viwavi mia. Wiki ya sita kabichi za Nyati zilikuwa chujio tena. Nyi-nyi-nyi-nyi.

Nyati akafikiri tena. Safari hii hakuchukua muda, maana alikuwa na hasira, na hasira humwongezea kasi.

"Shemeji, kwa desturi ya bonde hili, mifugo ya mtu ikiingia shamba la mwenzake ikala, nani analipa?"

"Mwenye mifugo."

"Na viwavi ni mifugo ya nani?"

Ngiri akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua. "Ya Sange. Alisema mwenyewe."

"Basi atalipa. Atatoa kichaka, nami nitakilima. Na yeye na watoto wake watanifanyia kazi mpaka kabichi zangu zote zirudi."

Habari zikamfikia Sange jioni ile ile. Mama Sange akakaa chini. "Baba Watoto, ni maneno yako mwenyewe. Ulisema ni wako."

"Nilisema."

"Ukisema sasa si wako, watakwambia ulipata kichaka kwa uongo. Ukisema ni wako, unalipa."

"Najua."

"Sasa?"

Sange akalala chali, pua ikicheza. Akawaza, akawaza. Halafu pua ikasimama.

"Mama Watoto," akasema, "ile mistari ya Ngiri bado iko ukutani?"

Asubuhi bonde zima lilikuwa chini ya tawi la Bibi Mbega. Nyati akasimama katikati, kifua mbele.

"Bibi, shauri langu ni fupi. Mwaka jana, hapa hapa, huyu Sange alisema viwavi ni mifugo yake. Wote mlisikia. Sasa mifugo yake imenimalizia kabichi. Nataka anilipe."

Minong'ono ikapita. Bibi Mbega akamtazama Sange. "Ulisema?"

"Nilisema, Bibi."

Mama Sange akafumba macho.

"Lakini kabla sijalipa," akasema Sange, "namwomba Bwana Nyati anithibitishie, maana mimi ni mdogo na naweza kusahau. Bwana Nyati, una hakika viwavi ni wangu?"

"Hakika kabisa."

"Si wa mtu mwingine?"

"Wa kwako, baba yako na babu yako."

"Hata wale wa mwaka jana?"

"Hata wale. Unapoteza muda."

"Walikuwa wangapi wale, kabla ya mvua?"

"Mia nne na kumi na wawili," akasema Nyati kwa majivuno. "Tuliwahesabu mimi na shemeji. Iko ukutani. Kama hamwamini, nendeni mkaone."

"Na baada ya mvua?"

"Watatu."

"Wako wapi wengine, Bwana Nyati?"

Nyani mmoja aliyekuwa akijikuna akaacha kujikuna.

"Wengine nani?" akauliza Nyati.

"Mifugo yangu. Walikuwa shambani mwako mia nne na kumi na wawili, kwenye kabichi kumi peke yake. Baada ya siku tatu wamebaki watatu. Nataka kujua mia nne na tisa wako wapi."

"Si... si ulisema utawaondoa wewe?"

"Nilisema nitawaondoa, na kwanza niliwaita. Nimeita mpaka sauti ikanikauka, hata bandani mlinisikia. Hakuna aliyenifikia. Bwana Ngiri, wewe ulimwona hata kiwavi mmoja akiingia kichakani kwangu?"

"Sikumwona," akasema Ngiri, ambaye hakujua kusema uongo haraka.

"Walifia shambani mwa Bwana Nyati, kwenye mifereji aliyoichimba Bwana Nyati. Nimewakuta kwenye tope, Bibi, kwa macho yangu, wengine wachanga kabisa." Hapo Sange akajifuta jicho. "Mvua ilipoanza, mwenye shamba hakuniambia hata 'jirani, mifugo yako inazama.' Alikuwa bandani anakula mahindi."

Sungura mmoja nyuma akaanza kucheka, akafunika mdomo.

"Bibi Mbega," akasema Sange, "kwa desturi ya bonde hili, mifugo ya mtu ikifia mikononi mwa mwenzake, nani analipa?"

"Aliyekuwa nayo," akasema Bibi Mbega. "Kichwa kwa kichwa."

"Mimi nitalipa kabichi zote zilizoliwa," akasema Sange. "Namwomba Bwana Nyati naye anilipe viwavi mia nne na tisa wa kabichi kumi. Na shamba lake, kama sikosei, lina kabichi elfu mbili. Bwana Ngiri ni hodari wa kuhesabu, atatusaidia. Wawe hai, wanono, na wakabidhiwe wakilingana idadi."

Ngiri, aliposikia habari ya kuhesabu, akamsogelea Nyati. "Shemeji," akanong'ona, "nakuomba. Mimi siwezi tena."

Nyati akageuka huku, akageuka kule. Aliona miaka yote iliyobaki ya maisha yake akiinamia kabichi, fuuu, fuuu, akihesabu. Akashindwa kuvumilia, akanguruma mpaka majani yakadondoka.

"Nilipe viwavi? Viwavi wana mwenyewe, wale? Viwavi hawana mwenyewe! Wanakuja na jua, wanakwenda na mvua! Kila mwaka! Mtoto mdogo anajua hilo!"

Mwangwi ukazunguka bonde ukarudi.

"Rudia, Bwana Nyati," akasema Bibi Mbega kwa upole, "walio nyuma hawakusikia vizuri."

Nyati akafunga mdomo, lakini maneno yalikuwa yamekwisha kutoka.

"Nashukuru," akasema Sange. "Mwaka jana ndivyo nilivyotaka kukwambia."

"Basi hata kichaka hukustahili," akasema Nyati kwa sauti ndogo. "Ulinidanganya. Ilikuwa mvua."

"Ilikuwa mvua," Sange akakubali. "Nilidanganya, na niliogopa sana nilipokuwa nadanganya."

Bibi Mbega akakunja vazi lake. "Nyati, ulitaka kumhamisha kwa sababu gani?"

"Kwa sababu analeta viwavi."

"Na nani analeta viwavi?"

Nyati akachora chora chini kwa kwato. "Jua," akasema.

"Basi kama unataka kuhamisha mtu, kahamishe jua. Sange anabaki kichakani. Hakuna anayemdai mwenzake. Nendeni mkalime."

Wakaondoka. Mama Sange alitembea karibu sana na mumewe, na walipofika nyumbani akamwambia kwamba siku nyingine akitaka kufuga kitu amuulize kwanza.

Kesho yake Nyati alipofika shambani, alimkuta Sange yumo kwenye tuta la kwanza na watoto wake wawili, wakila viwavi, kwa, kwa, kwa. Nyati akasimama akawatazama kwa muda. Nyuma yao majani yalikuwa safi.

"Sange," akasema mwishowe.

"Naam, Bwana Nyati."

"Mkimaliza hapo, kule kwenye matuta ya chini kuna wengi zaidi."

Na hadithi yangu inakoma hapo kwenye tuta, nikiwaachia neno moja: anayemtwika mdogo kosa lisilo lake ajiandae, kwani ipo siku ataombwa alithibitishe mbele ya watu.